Kualikwa Idi katika Buha: Habari za Kale na za Sasa

Mwisho wa Machi 2025, siku za Kwaresima zikiwa zimekwisha pita nusu, naliitwa Murungu, katika wilaya ya Kibondo, kula Idi nyumbani kwa baba yangu mdogo, ambaye ni Mwislamu. Waalimu wenzangu wawili waliniuliza kama nitakwenda. Katekista mmoja hakuuliza neno, alinitazama tu. Kwa sababu ya mtazamo ule nalianza kutafuta katika vitabu kama sisi tu wa kwanza kuketi wageni katika karamu hii, au kama wametutangulia wengine. Na niliyoyaona nayaweka hapa mbele ya waalimu na mapadre wasomao kurasa hizi, pamoja na yale yaliyonipata mimi mwenyewe.

Twaanza Ujiji, maana dini ya Kiislamu iliingia nchi hizi kwa mlango ule. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, wakakuta wafanya biashara wa pwani wamekwisha kukaa. Katika Aprili walipanda mitumbwi kwenda kaskazini hata Uvira kutafuta mto Rusizi, wakarudi Ujiji katikati ya Mei. Sasa mtu akiichukua kalenda ya Hijra na kuhesabu, ataona ya kuwa Ramadhani ya mwaka 1274 iliandama yapata tarehe 15 Aprili, na Idi ikaanguka yapata tarehe 15 Mei 1858. Basi safari ile nzima ilikuwa safari ya mwezi wa kufunga, na wazungu wale wawili walirudi mjini Idi ikiwa mlangoni.

Miaka kumi na mitatu baadaye jambo lile lilitukia tena. Stanley na Livingstone, baada ya kukutana Ujiji, waliondoka tarehe 16 Novemba 1871 kwenda kutazama Rusizi ule ule, wakarudi katikati ya Desemba. Nafuata tarehe alizoandika Stanley. Ramadhani ya mwaka 1288 ilianza yapata tarehe 14 Novemba, na Idi ikawa yapata tarehe 14 Desemba. Safari mbili, ziwa moja, mto mmoja, na mara zote mbili mwezi mtukufu ulikwenda na msafara na kurudi nao. Sidi Mubarak Bombay, Mwislamu aliyekuwa mtumwa utotoni akakombolewa, alikuwa mtumishi wa Burton na Speke, tena alikuwa mtumishi wa Stanley. Sheria yao humpa msafiri ruhusa ya kula, kisha alipe siku zake akiisha fika kwake. Lakini atakayelipa siku huwa anazihesabu, naye ajua sana mwezi umefika wapi.

Habari inigusayo kuliko hizo ni ya Livingstone peke yake. Mwanzo wa Januari 1869, huko ng'ambo ya ziwa, alipatwa na homa ya mapafu hata asiweze kwenda kwa miguu. Aliyemchukua alikuwa Muhammad bin Gharib, ambaye katika vitabu vya Kizungu huitwa Bogharib, mfanya biashara wa pembe na wa watumwa. Alimpa dawa na chakula, akaamuru watu wake wamchukue kitandani mabegani mwao hata ziwani, na tarehe 14 Machi 1869 mgonjwa akaingia Ujiji yu hai. Nimehesabu tena: Idi ya mwaka ule, 1285, ilikuwa yapata tarehe 15 Januari. Basi walipomwinua mara ya kwanza na kumweka mabegani, Ramadhani ilikuwa haijaisha. Watu waliokuwa katika siku zao za kufunga walimbeba mhubiri wa Injili aliyekuwa amekuja kuipinga biashara ya bwana wao. Livingstone hakuacha kuichukia biashara ile, wala hakuacha kumshukuru mtu yule. Mambo yote mawili yamo katika kitabu cha safari zake, nami sioni haja ya kuchagua moja na kuficha la pili.

Kisha walikuja wamisionari wa kukaa. Watu wa London Missionary Society walifika Ujiji tarehe 23 Agosti 1878, Hore akiwa miongoni mwao. Ramadhani ya mwaka 1295 iliandama yapata siku sita baada ya kufika kwao. Mchungaji Thomson, mwenzake Hore, alikufa Ujiji katika Septemba ile ile, Idi ikiwa haijafika. Basi kaburi la kwanza la misioni katika mji ule lilichimbwa katika mwezi wa kufunga. Mapadre Weupe walifika katika Januari 1879, nao pia walikaa kwanza kama wageni chini ya jicho la wakubwa wa mji, ambao mkuu wao alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima. Hapakuwa na nyumba ya kupanga wala chakula cha kununua pasipo neno lake. Sisi tuliozaliwa karibu na kengele za misioni twafikiri ya kuwa Wakristo walikuwa wenyeji tangu mwanzo na Waislamu ni majirani zao. Katika Ujiji mambo yalianza kinyume.

Sasa nageukia lugha kidogo, kwa kuwa ndiyo kazi ya kurasa hizi. Waswahili huhesabu miezi kwa kuanzia kwisha kwa mfungo. Shawali, mwezi wa Idi, huitwa Mfunguo Mosi; unaofuata ni Mfunguo Pili; na wa hija ni Mfunguo Tatu, hata kufika Mfunguo Tisa. Baada yake huja Rajabu, Shaabani na Ramadhani, nayo ni mitatu tu iliyobaki na majina ya Kiarabu katika hesabu ile. Maulidi huangukia Mfunguo Sita. Yaani mwaka mzima hupimwa kwa umbali wake toka siku ile watu walipofungua vinywa. Na siku za juma zimejengwa kwa mfano huo huo: Ijumaa ni siku ya kukutanika, na kesho yake huanza hesabu, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Ndiyo sababu siku yetu ya Bwana, ambayo kwa desturi yetu ni ya kwanza, katika kinywa cha Mswahili ni ya pili. Wakatoliki wamejaribu kuliponya jambo hili kwa neno Dominika, nalo limekubaliwa kanisani; lakini sokoni bado ni Jumapili, na padre mwenyewe akinunua ng'ombe atasema Jumapili.

Tena, maneno tunayotumia madhabahuni na katika katekisimu yametoka wapi? Sala, dhambi, imani, sadaka, malaika, shetani, hata neno dini lenyewe, yote yalikuwa yakisemwa msikitini Unguja kabla Askofu Steere hajaanza kazi yake ya kutafsiri Maandiko. Hakuyaiba. Aliyakuta ndiyo maneno ambayo watu huyafahamu, akayatia maana ya Injili. Lakini aliyekopa kapu kwa jirani asijifanye hajui nyumba ya jirani ilipo. Neno Kwaresima, kwa upande wake, ni letu, lenye asili ya Kilatini na maana ya arobaini. Nalo husimama pweke kidogo katika Kiswahili, kama mgeni aliyekuja bila jamaa. Mwaka 2025 Kwaresima na Ramadhani zilianza katika juma moja la Machi, na watoto wa shule yetu walifanya mzaha wakisema ya kuwa mwaka huu hata vyungu vimefunga.

Yatupasa kueleza jinsi dini ya Ujiji ilivyopanda milima, maana zamani haikupanda. Nchi ya Waha ilikuwa na bami wake, na misafara iliiogopa. Stanley alipopita kusini mwa Buha katika mwaka 1871 alitozwa hongo mara kwa mara, hata mwisho akatoroka usiku na watu wake kimya kimya. Kaskazini, katika Burundi, Mwami Mwezi Gisabo aliwazuia watu wa Rumaliza wasiingie. Kwa hiyo Waislamu walikaa ufukoni, na Waha walishuka kwao na mbuzi, asali na siagi, wakapanda tena na chumvi na nguo. Walipanda na chumvi, hawakupanda na dini.

Mambo yaligeuka baada ya reli kufika Kigoma mwaka 1914. Wabelgiji waliitwaa nchi hii mwaka 1916 wakaitawala hata 1921, kisha wakaja Waingereza. Na katika miaka yote ile wachuuzi wa Ujiji walifuata maboma, wakafungua maduka Kasulu na Kibondo, na penye maduka matatu ya namna ile palijengwa msikiti wa miti na majani. Lakini njia iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilikuwa ya mkonge. Vijana wa Buha kwa maelfu walikwenda Tanga na Morogoro kukata mkonge. Waliitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Huko walikaa kambini na watu wa makabila yote, na aliyeugua au kufiwa alipata jamaa mpya msikitini. Wengi walirudi na kanzu, kofia, na jina jipya. Wenzetu wa misioni waliwacheka wakisema wamebadili dini kwa ajili ya kanzu. Sisi nasi tulivikwa kaptula na mapadre, na hakuna aliyesema tumebatizwa kwa ajili ya kaptula.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika ukoo wetu. Babu yangu alibaki nyumbani, akasoma kwa wamisionari, akabatizwa. Mdogo wake alikwenda Tanga, akarudi baada ya miaka saba na sanduku la bati na jina la Kiislamu, akajenga Murungu. Baba yangu mdogo ni mwanawe. Miaka yote watu wa nyumba hizi mbili walikula pamoja bila shida, kwa kuwa palikuwa na desturi moja isiyoandikwa: mnyama wa karamu achinjwe na Mwislamu, ili wote wale. Desturi hii haikuanzia kwetu. Ilikuwamo katika misafara tangu siku za Burton, kwa maana Waungwana hawakula nyama isiyochinjwa kwa sheria yao, na anayewahitaji wachukuzi huwaacha wachinje.

Desturi isiyoandikwa ni nyepesi kuvunjika. Katika Februari 1913 nisingalikuwa na la kusema, lakini katika Februari 2013, huko Buseresere katika mkoa wa Geita, ugomvi juu ya nani achinje uliwaka hata mchungaji mmoja akauawa. Habari ile ilienea Tanzania nzima, ikafika na kwetu. Mwaka uliofuata baba yangu alifariki. Siku ya matanga vijana wa upande wetu walisema, safari hii ng'ombe wetu atachinjwa na mkono wetu. Mimi nalikuwapo, nalikuwa mkubwa wa kutosha kuwakataza, tena mwalimu wao, nami nalinyamaza kwa kisingizio cha msiba. Baba mdogo alikuja na watu wake, wakachimba kaburi pamoja nasi, wakazika, wakatupa mkono wa rambirambi, wakaondoka na njaa zao. Hakusema neno. Tangu siku ile nyumba zetu mbili hazikula chungu kimoja kwa miaka kumi na mmoja.

Kwa hiyo ule wito wa Idi haukuwa wito wa chakula tu. Aliuleta mjukuu wake, mtoto wa darasa la nne, akasema: “Babu asema, Mwalimu aje kwa Idi, na kama hawezi aseme asiweze.” Nalijibu nitakuja.

Nalifika Murungu jioni ya kuutafuta mwezi. Mvua za masika zilikuwa zimeanza na mawingu yalikuwa mengi upande wa magharibi. Wazee na watoto walipanda kilimani, wakatazama, wakashuka bila kuona kitu. Kisha wote wakaketi kusikiliza redio. Zamani killa mji uliangalia mwezi wake. Siku hizi tangazo hutoka kwa Mufti wa BAKWATA, baraza lililoundwa mwaka 1968, na bado wako wanaofuata mwezi ulioonekana Makka. Hata katika Murungu palikuwa na nyumba mbili zilizokwisha kusali, na wengine wakiwatania kwa maneno yasiyo makali. Mapadre wanaojua ugomvi wa zamani juu ya tarehe ya Pasaka hawatashangaa.

Usiku wanawake hawakulala. Asubuhi, kabla ya kwenda kusali, baba mdogo alitoa fitra: pishi moja ya nafaka kwa killa kichwa cha nyumba yake, hata mtoto mchanga wa siku tisa. Pishi ni vibaba vinne. Alipima mahindi mwenyewe, akihesabu majina kwa sauti, na watoto wakawapelekea wahitaji. Sharti iwafikie kabla ya sala, ili maskini naye asiwe na haja ya kuomba siku ile. Jambo hili nalilipenda sana, nami nalifikiri juu ya vikapu vyetu vya sadaka, ambavyo hupita baada ya mahubiri, na maskini hungoja kamati.

Sala yenyewe ilisaliwa kiwanjani. Mimi nalisimama chini ya mwembe pamoja na majirani wengine wasio Waislamu. Walileta takbira kwa muda mrefu, kisha wakasali rakaa mbili, na baadaye ndipo imamu alipohutubu. Maana katika Idi hotuba hufuata sala, si kama Ijumaa ambapo huitangulia. Alisema kwa Kiswahili na kidogo kwa Kiha, juu ya kuunga udugu. Sikujua kama alikuwa ameambiwa habari zetu. Sala ilipokwisha watu walipeana mikono na kusema “Idi Mubaraka,” na watoto walio katika nguo mpya wakaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kudai mkono wa Idi. Nalikuwa na sarafu chache. Ziliisha kabla sijafika mlangoni.

Mbuzi alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba. Baba mdogo alitoka na kisu, akamtazama kijana aliyekuwa karibu, akabadili nia, akaniita: “Mwalimu, njoo ushike miguu.” Nalishika. Akamwelekeza mnyama kibla, akataja jina la Mungu, akachinja. Hatukutazamana usoni.

Sasa yanipasa kuungama. Katika Kwaresima ile nalikuwa nimeweka nia ya kutokula nyama hata Pasaka. Njiani toka kwangu nalikuwa nimekwisha kuamua kuivunja siku ile moja, nikiwa na maneno ya Mtume Paulo kwa Wakorintho, sura ya kumi, juu ya mtu aliyealikwa na asiyeamini na kukubali kwenda. Tulipoketi mkekani, sinia kubwa la pilau na nyama likawekwa katikati, na mbele yangu pakawekwa sahani ya pekee iliyofunikwa. Baba mdogo akaifunua mwenyewe: walikuwa migebuka wa ziwani, wamekaangwa vizuri. Akasema: “Watoto wa shule wameniambia ya kuwa umefunga nyama. Nalimtuma mtu Ujiji.”

Toka Murungu hata Ujiji ni safari ya kutwa, na katika masika barabara ni matope. Nilikaa nikiwatazama samaki wale. Kama nikila samaki peke yangu, nyama aliyoichinja yeye inabaki bila kuguswa na mtu wa nyumba yetu, na watoto wote waliokuwa pale wangeona. Kama nikila nyama, naidharau safari ya samaki. Mwisho nalisema: “Baba, samaki nitakula, na nyama naomba pia.” Akaniuliza: “Na nadhiri yako?” Nikamwambia: “Nitailipa, kama ninyi mnavyolipa siku za safari.” Akacheka sana, akanikatia ini kwa mkono wake. Alipotuombea mwisho wa chakula alianza kwa Kiarabu akamaliza kwa Kiha, akimwita Mungu Imana, kama babu zetu wote wawili walivyomwita kabla ya misioni na kabla ya mkonge.

Niliporudi, katekista wangu alisema nimewakwaza wadogo. Huenda ni kweli, sikubishana naye. Paulo yule yule ameandika na juu ya hilo. Padre wetu aliniuliza tu kama nimekwisha kuilipa siku ile, na nikamwambia nimechagua Jumatano ya baada ya Pasaka, akacheka na kusema hiyo si siku ya kufunga. Basi nikachagua nyingine.

Pasaka ya mwaka ule ilikuwa tarehe 20 Aprili. Nalimpelekea baba mdogo habari ya kuwa tuna ng'ombe, na hatuna mchinjaji. Baadhi ya vijana walinung'unika, na mmoja alisema waziwazi ya kuwa tunajirudisha utumwani. Huyo hakuja kula, na bado hatujapatana naye. Baba mdogo alifika mapema, tulipokuwa bado katika Misa. Tulipotoka tulimkuta ameketi juu ya jiwe nje ya uzio, kisu chake kimefungwa katika kitambaa cheupe magotini, akitungoja tumwambie ng'ombe yuko wapi.